Zamu ya Mhasi

Kama ulikuwa na nguruwe dume pale Mjimwema, Songea, na ulitaka nyama yake iuzike bila kunuka, ulimjua Pankrasi. Hukuwa na haja ya kuuliza anakaa wapi. Ulimwambia mwendesha bodaboda yeyote, "Nipeleke kwa mhasi," naye akakupeleka mpaka kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma yenye mlango wa bluu, huku akitabasamu peke yake. Kazi ya Pankrasi ilikuwa ya namna hiyo. Watu waliihitaji na waliicheka kwa wakati mmoja.

Nguruwe aliwahasi kwa wembe, mbuzi na ng'ombe kwa koleo. Wakulima wa tumbaku wa Namtumbo walimwita awahasie mafahali wao wapate maksai wa kuvuta mikokoteni, akaenda na begi lake la turubai, akarudi na kuku wawili juu ya malipo yake. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Mnyama aliyepita kwake hakuvimba wala hakutunga usaha, na kwa hilo Pankrasi alijisifu wazi, tena bila kuulizwa.

Kazi yenyewe ilitaka watu wawili. Yeye alikaa nyuma, mkewe Kasiana akakaa mbele. Huo ulikuwa utaratibu wao tangu wakiwa vijana, na hawakuubadilisha hata walipozaa, hata watoto walipokua na kutawanyika. Kasiana alipiga magoti kichwani pa mnyama, akamfunika macho kwa kitenge kikuukuu cha maua ya njano, akamwinamia na kumnong'oneza sikioni. Alichonong'ona hakuna aliyekijua. Pankrasi alimuuliza mara nyingi, naye kila mara alimjibu vilevile: "Ni yetu, mimi na wao. Wewe shughulika na huko kwako."

Na kweli Pankrasi alishughulika na huko kwake, kwa mikono na kwa mdomo. Alikuwa na utani wake mmoja, na utani huo ulimfanya aitwe hata na watu ambao wangeweza kuwahasi wanyama wao wenyewe. Akishamaliza alisimama, akanyoosha mgongo, akamwonyesha mnyama kwa kidole na kutangaza kama msema chochote wa harusini: "Haya mabibi na mabwana! Huyu si mume wa mtu tena. Kuanzia leo ni shemeji wa mtaa mzima!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Walicheka ujana wao wote, na watoto wao walipokua na kununua nguruwe wao, nao wakacheka. Kasiana peke yake hakucheka. Alikikunja kitenge chake, akakitia kikapuni, akaenda kunawa.

Hivyo ndivyo Pankrasi alivyokula ugali wake mpaka akapita miaka sitini, na sijui kama kuna mtu aliyewahi kumwona ameogopa kitu. Fahali la Namtumbo liliwahi kumrusha juu ya uzio, akainuka anacheka.

Uoga wake ulianzia chooni. Mkojo, kitu ambacho hakuwahi kukifikiria maishani, ukaanza kumfanyia jeuri. Alisimama akingoja, ukatoka kwa kudondoka, ukakatika, kisha ukarudi pale alipokwisha kufunga suruali. Usiku aliamka tena na tena mpaka mkewe akamuuliza kama tumbo linamsumbua. "Baridi hii," akajibu. Ulikuwa mwezi wa sita, na baridi ya Songea mwezi wa sita inapenya mablanketi mawili, kwa hiyo jibu likapita. Lakini joto la mwezi wa kumi lilipoingia na mambo yakawa yaleyale, hakuwa tena na cha kusingizia. Hofu ikamkaa. Akafanya wanachofanya wanaume wengi wakiogopa ugonjwa: akaenda kilabuni.

Pale kilabuni alikuwepo Wilfred, rafiki yake wa tangu ujana, muuza kitimoto mwenye mabanda mawili ya nguruwe na ushauri juu ya kila jambo. Wilfred alimsikiliza huku akipuliza povu la pombe ya komoni.

"Hizo ni nguvu, ndugu yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Nguvu za kiume zinakuishia. Bomba halina msukumo. Ongeza."

Maneno hayo yalimwingia Pankrasi barabara, maana yalifanana na kazi yake. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kuondoa, na alijua kinachotokea ukiondoa. Dume linapungua shingo, linalegea, linakosa haja na majike. Basi kama kuondoa kunalegeza, kuongeza si kutakaza? Mtu mwingine angesita kidogo. Mhasi hakusita. Siku iliyofuata alikwenda Majengo kwa muuza mizizi, akanunua unga mwekundu wa kuongeza udume, akawa anautia kwenye uji kila asubuhi. Mkewe alimwambia ni dawa ya mgongo.

Na mgongo, kana kwamba umesikia unasingiziwa, ukaanza kuuma kweli.

Unga ulimtoa jasho na kumfanya moyo umwende mbio, naye akafurahi, akidhani ni nguvu zinaingia. Aliunywa mpaka mvua za masika zikaisha. Halafu Jumapili moja, yeye na Kasiana wamekwisha kuvaa kwenda kanisani, mkojo ukafunga kabisa. Hata tone. Alisimama chooni na suti yake, mkono ukutani, tumbo limejaa kama ngoma, jasho linamtiririka hadi kwenye tai. Kasiana alipogonga mlango akamkuta analia kwa maumivu, akaita bajaji, na badala ya misa wakaishia hospitali. Huko walimwingiza mpira wa mkojo, na Pankrasi akawabariki waliomwingiza mpaka wakacheka.

Daktari aliyemchukua alikuwa mwanamke kijana, Zuhra, mtu wa Tunduru, rika la binti yake Beata. Alimwamkia, "Shikamoo baba," akamwambia ajilaze ubavu na akunje magoti, akavaa glavu. Pankrasi aliitika marahaba huku anaangalia ukuta, na kuhusu kipimo kile cha kidole hatutasema zaidi, kwa kuwa mwenyewe hakusema zaidi. Wakachukua damu. Wakakata kinyama kwenye tezi dume. Wakampiga picha. Baada ya muda mpira ukatolewa, vidonge vikamsaidia kukojoa, naye akaanza kuamini kwamba yamekwisha.

Siku ya kwenda kusikia majibu, mwezi wa saba, alimwambia Kasiana abaki na nguruwe.

"Baba," daktari alianza, "ni saratani ya tezi dume. Na imeshatoka nje ya tezi. Picha inaonyesha iko kwenye mifupa ya mgongo."

Masikio ya Pankrasi yakavuma. Alisikia nesi akiita jina la mtu kule koridoni, akatamani awe yeye, aitwe, atoke. "Nitakufa?" akauliza.

"Sitakudanganya kwamba tutaiondoa yote. Lakini tunaweza kuilaza. Nina wagonjwa walioilaza kwa miaka. Wanalima, wanapanda baiskeli."

Kikamtoka Pankrasi kile kilichokuwa kinamchoma. "Daktari, mimi nilikunywa unga wa kuongeza udume. Miezi mingi. Nimejiua mwenyewe?"

Zuhra hakumkaripia. "Huo unga sijui una nini, uache leo hii. Ila usijibebeshe mzigo ambao si wako. Kuna homoni ya kiume mwilini, inaitwa testosteroni. Wako wanaume wanayo nyingi mpaka uzeeni na hawaugui, na wako wenye kidogo wakaugua. Wingi wake peke yake hauleti saratani hii. Lakini saratani ikishakuwepo, homoni hiyo ndiyo chakula chake. Unalima mahindi?"

"Nani asiyelima mahindi hapa?"

"Basi unajua. Mbolea haileti gugu shambani. Ila gugu likishaota, ukitia mbolea unalinenepesha nalo." Akasogeza kiti. "Sasa tunataka kuinyima chakula. Tushushe homoni mpaka ibaki kidogo sana, karibu na hakuna. Njia ziko mbili. Kuna sindano, utakuwa unachomwa kila baada ya miezi mitatu, maisha yako yote. Au kuna operesheni ndogo, mara moja tu, ambayo tuna..."

Hakuhitaji kumalizia. Tangu Pankrasi aingie hospitali ile, walikuwa wanamwambia maneno ya watu wengine: tezi, kinyama, kipimo. Sasa kwa mara ya kwanza walikuwa wanazungumza kazi yake.

"Mnataka kunihasi," alisema.

"Neno hilo hatulitumii, baba."

"Ila ndilo."

Daktari aliweka kalamu chini. "Ndilo," akasema. "Hata sindano ndiyo kazi yake, ila bila kisu. Na sitakuficha: hamu ya tendo la ndoa itaondoka. Utapata joto la ghafla mwilini, mifupa itahitaji kuangaliwa. Ndiyo gharama ya kuishi. Nenda kazungumze na mama, mrudi wote wawili. Lakini nisikilize hapa." Akamtazama usoni. "Miguu ikianza kufa ganzi, au kukosa nguvu, usingoje kesho. Njoo siku hiyohiyo."

"Nitafikiri," alisema Pankrasi, akatoka bila kuaga.

Nyumbani Kasiana alikuwa anachambua majani ya maboga. Alimwona uso, akaacha. "Wamesemaje, baba Beata?"

"Uvimbe wa uzee tu. Wameniongezea vidonge."

Uongo huo ulimtoka laini, na Kasiana akashusha pumzi, akamshukuru Mungu kwa sauti, akaendelea na mboga. Pankrasi alikwenda nyuma ya nyumba akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa.

Mtu angedhani alichokiogopa ni kisu. Kisu hakikumtisha, alijua ni jambo la dakika chache. Alichokiogopa ni yale yanayofuata, maana aliyajua kuliko daktari. Alijua jinsi majike yanavyompita dume aliyehasiwa kana kwamba ni mti. Alijua macho ya dume huyo yanavyopoa. Na alikisikia kicheko. Alimsikia Wilfred pale kilabuni akisimama, akinyoosha mgongo, akimwonyesha kidole: huyu si mume wa mtu tena! Utani alioutunga mwenyewe, akaulisha na kuukuza, sasa ulikuwa unamngoja njiani kama mbwa mkali, na hakuna hata mmoja Mjimwema ambaye hakuujua kwa moyo. Wangeusema tu kwa mazoea, bila hata ubaya.

Tena kulikuwa na jingine, na hili hakuweza hata kulitazama vizuri. Yeye hajawahi kumhasi nguruwe ili aishi. Ukimhasi dume unataka anenepe, atulie, nyama isinuke, halafu unangoja sikukuu. Kila aliyepita mikononi mwake alikuwa ameshapangiwa siku. Basi daktari aliposema "gharama ya kuishi," Pankrasi hakusikia kuishi. Alisikia maandalizi ya kisu kingine.

Kwa hiyo hakurudi. Wiki zikapita, miezi ikapita. Kila asubuhi alikanyaga sakafu kwanza kwa mguu mmoja, akasikiliza, halafu kwa mwingine. Ilikuwa ibada yake mpya, na aliifanya roho mkononi. Mgongo ulimuuma hata akikohoa. Akijipigapiga mapaja yaliitikia, lakini kwa mbali, kama mtu anayeitwa akiwa chumba cha pili. Alijiambia ni uzee. Kasiana alimwona akishika kuta anapotembea, akamuuliza kama vidonge vinafanya kazi, naye akasema vinafanya.

Mwezi wa tisa Wilfred akampa kazi. Alikuwa na dume kubwa la mbegu lililochoka, akataka lihasiwe ili harufu iishe nyamani kabla ya Krismasi. Pankrasi alitaka kukataa akakosa sababu ya kumwambia mtu. Wakaenda, yeye na Kasiana na kikapu. Banda la Wilfred lilikuwa limezungukwa na watu, wengine hawana nguruwe hata mmoja, wamekuja kungoja utani.

Dume lilifungwa, likalazwa ubavu. Kasiana akapiga magoti kwa mbele, akatandaza kitenge juu ya macho yake, akainama na kuanza kunong'ona. Mnyama akaacha kupiga kelele. Pankrasi akachuchumaa kwa nyuma, wembe mkononi, akakitazama kitu alichokitazama maisha yake yote.

Hakuweza. Alisogeza wembe, akaurudisha nyuma. Alijaribu tena, wembe ukamponyoka ukaanguka kwenye pumba. Sikio la nguruwe lilikuwa linachezacheza chini ya kitenge, linasikiliza, na Pankrasi akahisi haja ya kumwambia samahani, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mnyama.

"Vipi mzee, umemwonea huruma?" Wilfred akapaza sauti. "Sisi tunamngoja shemeji!"

Wote wakaangua kicheko. Pankrasi akataka kusimama aondoke. Aliiambia miguu isimame, miguu haikumsikia. Ilikuwa haipo. Alianguka chali kwenye tope la banda, mikono inatafuta uzio, na wale watu wakacheka zaidi, wakidhani mzee amebuni mchezo mpya. Alilala pale anaangalia mabati ya paa, kicheko kimemzunguka pande zote, na hofu aliyokuwa ameikimbia tangu mwezi wa saba ikamkalia kifuani yote kwa mpigo.

"Nyamazeni!" Sauti ya Kasiana ilikata. Hawakuwahi kumsikia akipiga kelele. Alikuwa amekwisha kutoka kwa mbele na kuja kwa nyuma, kitenge mkononi, akampigia mumewe magoti. "Baba Beata. Nini?"

"Miguu," alisema Pankrasi. "Mama Beata, miguu imekwenda."

Wilfred mwenyewe ndiye aliyembeba hadi kwenye bajaji, uso umemshuka, hana utani hata wa dawa.

Hospitali Zuhra alimgusa nyayo kwa ncha ya pini. "Unasikia?" Hakusikia. Akapandisha pini hadi kwenye shavu la mguu, hadi kwenye goti. "Hapa?" Pankrasi alisikia kidogo, au alitaka kusikia. Wakamchoma dawa ya kupunguza uvimbe, wakampeleka kupiga picha, na daktari aliporudi alikuwa anatembea haraka.

"Baba, nilikuambia usingoje."

"Alikuambia nini?" aliuliza Kasiana. Hakumtazama daktari, alimtazama mumewe. "Alikuambia nini, baba Beata?"

Zuhra akamtazama Pankrasi, akingoja ruhusa. Pankrasi akafumba macho na kutikisa kichwa kukubali. Na hapo, kwenye kitanda cha wodi, Kasiana akasikia yote kwa mara moja: saratani, mifupa, homoni, miezi iliyopotea. Hakulia. Alikiviringa kitenge mkononi, akakiviringa mpaka vidole vikawa vyeupe.

"Saratani ya kwenye uti wa mgongo inabana mishipa ya miguu," daktari alisema. "Ile sindano siwezi kumpa leo peke yake. Dozi ya kwanza huipandisha homoni kwa siku kadhaa kabla ya kuishusha, na yeye hana hizo siku. Tukimfanyia operesheni, homoni inashuka ndani ya saa chache. Mgongo unaweza kupata nafasi. Mionzi itafuata baadaye. Tukichelewa, miguu inaweza isirudi kabisa. Hata tukiwahi, siwaahidi. Nataka kumwingiza sasa hivi." Akawaangalia mmoja mmoja. "Nawaachia dakika chache."

Alipoondoka, Kasiana alikaa pembeni ya kitanda.

"Ulinidanganya," alisema.

"Nilikudanganya."

"Nilimshukuru Mungu mbele yako. Nikapika. Ukala."

"Naogopa, Kasiana." Tangu wazae hakumwita kwa jina. "Naogopa mpaka nashindwa kumeza. Wewe unajua wanavyokuwa. Umewashika wote. Nitakuwa kitu cha kukaa barazani. Sitakuwa mume wako."

"Kwani mimi niliolewa na hizo?" Kasiana alisema kwa ukali, na mgonjwa wa kitanda cha jirani akageukia ukutani kwa adabu. "Mzee mzima! Miezi yote hii unakufa kidogokidogo nyumbani kwangu, unalinda vitu ambavyo hata kazi vilishaacha!"

Ungetegemea acheke. Siku nyingine angecheka. "Si hilo tu," alisema. "Sijawahi kuhasi nguruwe ili aishi, hata mmoja. Ukishahasi, unangoja Krismasi. Najua mimi. Nimefanya mimi."

Kasiana alimtazama kwa makini, kama anayemwona mtu huyu kwa mara ya kwanza, na hasira ikamtoka.

"Wale walikuwa na mwenyewe," alisema taratibu. "Mwenyewe alikuwa anangoja nyama. Wewe mwenye wewe ni mimi. Mimi nangoja nini kwako, baba Beata? Nangoja unichanjie kuni. Nangoja tuvune. Sina Krismasi ya kukungojea."

Pankrasi alitia saini, herufi zikapanda na kushuka. Usifikiri hofu ilimwisha. Haikumwisha hata kidogo. Alisaini nayo, akavuliwa nguo nayo, akavishwa gauni la kijani lililofungwa kwa nyuma, akalazwa kwenye kitanda cha magurudumu, wakaanza kumsukuma kwenye korido yenye mwanga mkali. Alihesabu taa za darini akapotea. Watu waliokaa kwenye benchi waligeuka kumwangalia, kama watu wanavyomwangalia yeyote anayepitishwa hapo, na yeye aliona kila mmoja anajua anapelekwa kufanywa nini. Meno yakaanza kugongana. Alishika vyuma vya kitanda pande zote mbili. Mlango wa chumba cha upasuaji ulipotokea mbele, mwili wake wa juu, uliokuwa bado unamtii, ukaanza kujivuta kurudi nyuma, na sauti ikamtoka ambayo hakuijua kuwa ni yake. Aliijua ni ya nani. Ameisikia mabandani miaka yote.

"Baba, tulia," nesi alisema. "Baba, utaanguka."

Kasiana akapita mbele. Akatoa kitenge kikapuni, kile cha maua ya njano, akakitandaza juu ya macho ya mumewe.

"Mama, hiyo haiingii ndani," nesi akasema. Kweli kilinuka banda zima la Wilfred. Zuhra alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake ya upasuaji. Harufu ile aliijua ni ya nini, na kwao Tunduru, nyumba ya Kiislamu, isingeingia hata uani. Akasita kidogo.

"Kifike naye hadi mlangoni," alisema.

Dunia ikawa giza la njano. Benchi likaondoka, taa zikaondoka, macho ya watu yakaondoka. Pankrasi alisikia pumzi ya mkewe ikikaribia, kisha midomo yake sikioni, na akaacha kupumua, maana alijua sasa anaambiwa kile alichokiuliza ujana wake wote.

"Lia tu," Kasiana alinong'ona. "Lia tu, baba. Huku mbele hakuna wa kukucheka."

Pankrasi akatulia chini ya kitenge. Kumbe ndiyo hayo. Miaka yote yeye amesimama kwa nyuma anawachekesha watu, na mkewe amepiga magoti kwa mbele anamwomba mnyama radhi kwa kicheko kile kile. Na aliyekuwa anachekesha ni yeye.

Mikono ikaachia vyuma. Kitanda kikasogea tena, polepole, na kiganja cha Kasiana kikasogea nacho juu ya kitenge hadi penye mlango. Pankrasi akalia kwa sauti, kama anavyolia mtu anayeogopa sana, na kwenye korido nzima hakuna aliyecheka.